Namba 5040, Namba Inayogawanyika Vizuri

1. Matofali mawili

Katika nchi moja ya milima kulikuwa na vijiji saba vilivyokunywa maji ya kijito kimoja. Mbuzi na ng'ombe walikunywa hapo hapo, na mama walifua nguo hapo hapo. Kwa hiyo watoto wengi waliugua tumbo. Padri wa misioni akawashauri watu wajengee chemchemi zao kwa matofali ya kuchoma, maji yapate kutoka safi. Watu wakakubali. Kila kijiji kilitoa watu wa kukanyaga udongo, wa kukata kuni na wa kupanga tanuru.

Tanuru la kwanza lilitoa matofali 5000. Siku ya kugawa, kila kijiji kilipata matofali 714. Yakabaki mawili. Kapita wa kazi akayabeba yote mawili, akayapeleka nyumbani kwake.

Wengine walicheka, wakasema: «Matofali mawili ni kitu gani? Hata chungu hakikai juu ya matofali mawili.» Lakini wengine walijibu: «Kuni tulikata wote. Jambo si matofali, jambo ni upendeleo.» Maneno hayo yakaenda nyumba kwa nyumba. Matofali ya kwanza hayakutosha kumaliza chemchemi, ikawa lazima kuchoma tena. Lakini kapita alipopiga ngoma ya kazi, watu wachache tu walifika. Chemchemi zikabaki nusu, na watoto wakaendelea kunywa maji ya kijito.

2. Swali la mwalimu

Mwalimu wa mwaka wa tano alisikia habari hiyo. Akaingia darasani, akaandika swali ubaoni:

«Mwaka huu vijiji vya ng'ambo ya mto vinataka kufanya kazi pamoja nasi. Vingine vya huku vinataka kuacha. Labda tutakuwa vijiji sita, labda saba, labda kumi. Hatujui. Tanuru letu linachukua matofali karibu 5000. Tuchome matofali mangapi, ili tuweze kuyagawanya sawasawa kwa vijiji 2, au 3, au 4, mpaka 10, bila kubakiza hata moja?»

Kasongo aliinua mkono upesi. «Mwalimu, tuchome 5000 kama mwaka jana. Ni namba nzuri, ina sifuri tatu.»

«Haya, gawanya,» mwalimu akasema.

Kasongo akagawanya. Kwa 2, kwa 4, kwa 5, kwa 8 na kwa 10, mambo yalikwenda sawa. Lakini kwa 3 alipata 1666, yakabaki 2. Kwa 6 alipata 833, yakabaki 2. Kwa 7 alipata 714, yakabaki 2. Kwa 9 alipata 555, yakabaki 5. Kasongo akarudi mahali pake, akisema: «Sifuri tatu hazitoshi.»

Feza naye akasema: «Mwalimu, tuzidishe namba zote pamoja, 1 × 2 × 3 mpaka 10. Jibu litagawanyika kwa kila mojawapo.»

Watoto wakazidisha. Walipofika mwisho waliona 3 628 800. Darasa zima likacheka. Kuni za milima yote zisingetosha kuchoma matofali hayo. Lakini mwalimu hakucheka. Akasema: «Feza ameshika njia ya kweli, ila amebeba mizigo mingi asiyoihitaji. Tumpunguzie.»

3. Kupunguza mizigo

Mwalimu akaonyesha hivi. Namba inayogawanyika kwa 8 inagawanyika pia kwa 4 na kwa 2, kwa sababu 8 ni 2 × 2 × 2. Basi ukiwa na 8, huna haja ya kuongeza 4 wala 2. Namba inayogawanyika kwa 9 inagawanyika pia kwa 3. Basi 9 yatosha kwa zote mbili. Tena, mwenye 2 na 3 anayo 6 tayari, na mwenye 2 na 5 anayo 10 tayari.

Kwa hiyo namba zinazohitajiwa ni nne tu: 8, 9, 5 na 7.

8 × 9 = 72
72 × 5 = 360
360 × 7 = 2520

Namba 2520 ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba kutoka 1 mpaka 10. Lakini tanuru linachukua karibu 5000, na matofali 2520 ni nusu ya tanuru tu. Watoto wakaizidisha kwa 2, wakapata 5040.

Kasongo akashangaa. «Mwalimu, ni matofali 40 tu zaidi ya yale ya mwaka jana!»

«Ndiyo,» mwalimu akajibu. «Kazi ni karibu ile ile, lakini kugawanya si kule kule.»

4. Alama za namba

Mtu mwenye akili hagawanyi kabla ya kutazama. Namba ina alama zake, kama mti una majani yake. Tazameni alama za 5040.

Tarakimu ya mwisho ni 0. Kwa hiyo inagawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Namba inayogawanyika kwa 2 huitwa shufwa. Isiyogawanyika kwa 2 huitwa witiri. 5040 ni shufwa.

Tarakimu mbili za mwisho ni 40. Arobaini inagawanyika kwa 4, basi 5040 pia inagawanyika kwa 4.

Tarakimu tatu za mwisho ni 040, maana yake 40. Arobaini inagawanyika kwa 8, basi 5040 pia inagawanyika kwa 8.

Jumlisheni tarakimu zote: 5 + 0 + 4 + 0 = 9. Tisa inagawanyika kwa 3 na kwa 9, basi 5040 pia inagawanyika kwa 3 na kwa 9. Na kwa kuwa ni shufwa, inagawanyika kwa 6.

Saba peke yake haina alama nyepesi. Kwa saba, afadhali kugawanya: 5040 ÷ 7 = 720, hakuna kinachobaki.

5. Namba tasa

Namba nyingine hazigawanyiki, ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Ndizo 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na nyingine nyingi zisizo na mwisho. Huitwa namba tasa. Kila namba iliyo kubwa kuliko 1, kama si tasa, imejengwa kwa namba tasa, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Tena kila namba ina matofali yake: ukibomoa namba moja mara mia, utakuta matofali yale yale. Matofali ya 5040 ni haya:

5040 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7

Hapa Kongo kuna kitu cha kale sana kinachotajwa mara nyingi na watu wa hesabu. Katika mwaka 1950, mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba mahali paitwapo Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Akakuta mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa safu tatu. Mfupa huo una miaka karibu 20 000, na umewekwa katika nyumba ya ukumbusho huko Brussels. Katika safu moja mikato imefungwa kwa mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Je, mtu wa kale aliyekata mfupa alijua jambo hilo, au ilitokea tu? Wataalamu wangali wakibishana. Labda alihesabu, na alitaka hesabu yake isipotee.

6. Vigawanyo sitini

Namba inayogawanya nyingine bila kubakiza huitwa kigawanyo chake. Je, 5040 ina vigawanyo vingapi? Inafaa kuvitafuta viwili viwili, kwa sababu kila kimoja kina mwenzake:

1 × 5040, 2 × 2520, 3 × 1680, 4 × 1260, 5 × 1008
6 × 840, 7 × 720, 8 × 630, 9 × 560, 10 × 504
12 × 420, 14 × 360, 15 × 336, 16 × 315, 18 × 280
20 × 252, 21 × 240, 24 × 210, 28 × 180, 30 × 168
35 × 144, 36 × 140, 40 × 126, 42 × 120, 45 × 112
48 × 105, 56 × 90, 60 × 84, 63 × 80, 70 × 72

Jozi ni 30, basi vigawanyo ni 60. Kuna njia nyingine ya kuhakikisha bila kuandika vyote. Ili kujenga kigawanyo, mtu anachagua matofali katika matofali ya 5040. Anaweza kuchukua 2 mara nne, mara tatu, mara mbili, mara moja, au kuiacha: hizo ni njia 5. Kwa 3 ana njia 3. Kwa 5 ana njia 2: kuichukua au kuiacha. Kwa 7 pia ana njia 2. Halafu 5 × 3 × 2 × 2 = 60. Njia mbili zimeleta jibu moja. Ndivyo mtu wa hesabu anavyojua kwamba hakukosa.

Hakuna namba yo yote ndogo kuliko 5040 yenye vigawanyo 60. Namba 2520 inavyo 48. Namba 5000, ile ya sifuri tatu, inavyo 20 tu.

Wagiriki wa kale walizipanga namba pia kwa kujumlisha vigawanyo vyake, pasipo kuhesabu namba yenyewe. Namba 8 ina 1 + 2 + 4 = 7: imepunguka. Namba 6 ina 1 + 2 + 3 = 6: imekamilika. Namba 12 ina 1 + 2 + 3 + 4 + 6 = 16: imezidi. Na 5040? Vigawanyo vyake, pasipo yenyewe, vinafika 14 304. Imezidi sana, karibu mara tatu.

7. Watoto saba mstarini

Mwalimu akawaita watoto saba mbele. «Simameni mstarini. Je, mnaweza kujipanga kwa namna ngapi?»

Mahali pa kwanza anaweza kusimama ye yote katika saba. Akiisha kusimama, wanabaki sita kwa mahali pa pili, watano kwa pa tatu, halafu wanne, watatu, wawili, mmoja.

7 × 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 5040

Watoto wakapiga makofi, maana namba yao imerudi kwa mlango mwingine. Watoto saba wakijipanga kwa namna moja kila siku, watamaliza namna zote baada ya miaka zaidi ya 13. Watakapomaliza, watakuwa watu wazima wenye watoto wao.

Kisha mwalimu akawaambia wazidishe 10 × 9 × 8 × 7. Wakapata tena 5040.

Majirani wa 5040 ni wa ajabu vilevile. Aliye nyuma, 5039, ni namba tasa: haigawanyiki kabisa. Aliye mbele, 5041, ni 71 × 71. Namba inayogawanyika vizuri namna hii inakaa katikati ya majirani wagumu.

8. Watu walioipenda namba hii

Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, katika mji wa Athens, nchi ya Ugiriki, aliishi mtu mwenye hekima jina lake Plato. Katika kitabu chake kiitwacho Sheria aliandika habari za mji mpya utakaoanzishwa vizuri. Akasema mashamba ya mji yawe 5040, kila jamaa shamba lake. Sababu yake ni ile ile ya mwalimu: namba hiyo yagawanyika kwa njia nyingi, na kwa kila namba kutoka 1 mpaka 10. Hivyo watu wanaweza kugawanywa sawasawa kwa vita, kwa kazi za amani na kwa kodi. Akawapanga katika makabila 12, kila kabila jamaa 420. Plato alijua pia kwamba 5040 haigawanyiki kwa 11. Akasema: toeni jamaa mbili tu, nayo itagawanyika.

Miaka mingi ikapita. Katika nchi ya India alizaliwa Srinivasa Ramanujan, mwaka 1887. Hakuwa na mali, akafanya kazi ya karani katika mji wa Madras. Lakini kila alipopata nafasi alijaza madaftari yake na hesabu. Mwaka 1914 alisafiri mpaka Cambridge, Uingereza, na mwaka 1915 akaandika juu ya namba zenye vigawanyo vingi kuliko namba zote zilizo ndogo kuliko zenyewe. Ndizo 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120 na kuendelea. Katika mstari huo 2520 imo, nayo 5040 inaifuata. Ramanujan alikufa mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32, lakini kazi yake inasomwa katika nchi nyingi.

9. Kijiji cha kumi na moja

Mwalimu akawapelekea wakubwa wa vijiji hesabu ya watoto. Wakubwa wakaitazama, wakaielewa, wakasema: «Safari hii hakuna kubakiza.» Watu wakarudi kazini. Vijiji kumi vikaleta kuni na udongo, na tanuru likatoa matofali 5040. Kila kijiji kilipaswa kupata 504.

Siku ya kugawa, watu wote wakiwa wamekusanyika, mzee mmoja akasimama. «Wanangu,» akasema, «sisi wa bondeni tulikata kuni siku tatu. Karani alituandika pamoja na jirani zetu, lakini sisi ni kijiji chetu peke yetu, na chemchemi yetu ni yetu.»

Wakubwa wakauliza, wakaona ni kweli. Vijiji vikawa 11. Kasongo akaandika chini kwa kijiti: 5040 ÷ 11 = 458. Akamnong'oneza Feza: «Yanabaki mawili.»

Watoto wakaogopa. Matofali mawili tena! Kasongo alitaka kufuta hesabu kwa mguu. Lakini Feza akasimama mbele ya watu wote, akasema kwa sauti: «Wazee wetu, kila kijiji kitapata 458, na yatabaki mawili. Tunayasema sasa, kabla mtu hajayashika.»

Watu wakanyamaza. Kapita akainama. Kisha akaenda nyumbani kwake pasipo neno, akarudi amebeba matofali mawili ya mwaka jana, ambayo yalikuwa yangali nje ya mlango wake. Akayaweka chini. «Haya si yangu,» akasema. «Mawili na mawili ni manne. Tuyapeleke shuleni, tuyaweke chini ya pipa la maji, ambapo watoto wa vijiji vyote wanakunywa.»

Neno hilo likawapendeza wote. Kabla ya mvua kuanza, chemchemi zilikwisha kujengwa. Na pipa la shule lilikaa imara juu ya matofali yake manne.

Namba nzuri husaidia watu kugawanya sawasawa. Lakini hakuna namba inayogawanyika kwa kila kitu. Pale namba inapobakiza, lazima mtu aseme kweli.

Maulizo

1. Kwa sababu gani watu walikataa kuja kazini mara ya pili? Matofali mawili yalikuwa na thamani gani?
2. Gawanyeni 2520 kwa kila namba kutoka 1 mpaka 10. Je, kuna kinachobaki?
3. Bila kugawanya, semeni kama 7128 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 8, kwa 9. Mmejuaje?
4. Andikeni 60 na 360 kwa matofali yake ya namba tasa. Kila moja ina vigawanyo vingapi?
5. Pangeni namba hizi: 10, 18, 20, 28. Ipi imepunguka? Ipi imekamilika? Zipi zimezidi?
6. Watoto watano wanaweza kujipanga mstarini kwa namna ngapi?
7. Kama vijiji vingekuwa 12, kila kimoja kingepata matofali mangapi? Na kama vingekuwa 13, yangebaki mangapi?
8. Kwa nini Feza alisema hesabu mbele ya watu wote, «kabla mtu hajayashika»? Kasongo alitaka kufanya nini, na kungetokea nini?